Swayambhu, Boudha au Ruwanweli: uanzie stupa ipi kuzijua imani za wenyeji?

Ukifanya kazi Doha, Dubai au Muscat, hukosi jirani kutoka Nepal au Sri Lanka. Chumbani mwake huenda ukaona picha ya kuba jeupe lenye macho makubwa yaliyochorwa juu yake, au ya kuba jingine kubwa zaidi lisilo na macho. Ukimuuliza atakueleza kwa furaha, kisha atakwambia ipo siku uende ukajionee. Hapo ndipo wengi hukwama: Nepal au Sri Lanka? Na kama ni Nepal, stupa ipi kati ya zile mbili kubwa za Kathmandu? Wanafunzi wa dini na utamaduni wanaotafuta mahali pa utafiti nao hukwama papo hapo.

Stupa ni jengo la tofali na udongo lenye umbo la kuba, na asili yake ni kaburi la kuhifadhia masalio ya Buddha au ya watakatifu. Watu hawaingii ndani kuabudu. Ibada hufanyika nje, kwa kuizunguka, kuiwashia taa, kuitolea maua, kuipaka chokaa. Kwa hiyo mgeni anaweza kusimama kando na kuona uhusiano wa watu na mahali patakatifu ukitendeka mbele ya macho yake. Ndiyo maana napenda kumshauri mtu anayetaka kuuelewa Ubuddha wa watu wa kawaida aanzie kwenye stupa kabla ya vitabu.

Nimechagua tatu: Swayambhu na Boudha za Kathmandu, na Ruwanweli ya Anuradhapura, Sri Lanka.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni simulizi ya asili, maana mambo mengi wanayotenda watu hutokana na kile wanachoamini kuhusu mwanzo wa mahali. Cha pili, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni nani mwenye wajibu kwa stupa hiyo. Cha tatu ni ibada zenyewe, za kila siku na za msimu. Cha nne ni jinsi stupa inavyokaa na miungu wengine na imani nyingine za hapo. Cha mwisho ni nafasi ya mgeni. Uzuri wa jengo sikuuweka. Zote tatu ni nzuri, na uzuri hautakusaidia kuamua.

Simulizi ya asili

Wanewari, wenyeji wa kale wa Bonde la Kathmandu, husimulia kwamba bonde lote lilikuwa ziwa. Katikati ya ziwa lilichanua ua la yungiyungi, na juu yake ukatokea mwanga usiowashwa na mtu. Manjushri, mtakatifu wa hekima, akaja kutoka kaskazini kuuabudu mwanga ule. Akapasua milima kwa upanga wake pale Chobhar, maji yakatoka, nchi ikakauka, watu wakapata pa kuishi. Baadaye kuhani aitwaye Shantikar aliufunika mwanga kwa stupa ili watu wa zama za uovu wasiuharibu. (Wanajiolojia nao wanakubali kwamba bonde hilo lilikuwa ziwa zamani.) Angalia matokeo yake: kwa anayeamini simulizi hii, Swayambhu ni ya kwanza, mji ulifuata. Kila shamba na kila nyumba bondeni ipo kwa sababu mwanga ule ulitokea.

Boudha inasimuliwa kwa namna nyingine kabisa. Mwanamke maskini mfuga kuku alimwomba mfalme ardhi ya kujengea stupa, ipatayo ukubwa wa ngozi moja ya nyati. Mfalme akakubali. Yule mama akaikata ngozi vipande vyembamba kama kamba, akaviunganisha, akazungushia eneo kubwa. Matajiri wakalalamika, lakini mfalme akasema neno limekwisha mtoka kinywani. Mama alifariki kabla ya kazi kwisha, na wanawe wanne wakaimaliza. Kila mmoja akaomba dua mbele ya stupa, na Watibeti husema dua hizo zilijibiwa katika maisha yaliyofuata: mmoja alizaliwa mfalme Trisong Detsen, mwingine Padmasambhava, yule aliyeupandikiza Ubuddha Tibet. Tangu hapo watu huamini kwamba dua iombwayo Boudha kwa moyo safi haipotei. Wanewari wana simulizi yao juu ya stupa hiyohiyo, ya mfalme aliyemuua baba yake bila kumtambua, akajenga kutubu wakati wa ukame mkali, kwa maji ya umande uliokusanywa kwa vitambaa usiku.

Ruwanweli ina mwanzo ulioandikwa katika kumbukumbu za nchi. Mfalme Dutugemunu aliijenga katika karne ya 2 kabla ya Kristo, na kitabu cha kale cha watawa, Mahavamsa, kinaeleza ujenzi wake na jinsi sehemu ya masalio ya Buddha ilivyowekwa ndani. Mfalme aliugua kabla haijakamilika. Ndugu yake Saddhatissa akaagiza kuba lifunikwe kwa kitambaa cheupe ili mgonjwa akibebwa nje alione kana kwamba limekwisha. Watoto wa Kisinhala, kabila lililo kubwa zaidi Sri Lanka, hukua na kisa hicho.

Nani mwenye wajibu

Hapa ndipo zinapoachana hasa.

Swayambhu inashikwa kwa ukoo. Familia za Buddhacharya, zinazoishi kilimani penyewe, hupokezana zamu za kuhudumia madhabahu. Makuhani wakubwa wa Kinewari, Vajracharya, nao hurithi kazi. Wameoa na wana watoto, wala si watawa waliojitenga na dunia. Gharama za ibada nyingi zilibebwa tangu zamani na guthi, vyama vya kindugu vilivyowekewa mashamba ili mazao yake yagharamie sikukuu na matengenezo. Kwa msomaji wa pwani, guthi si jambo geni sana: fikiria wakfu. Mtu hajichagulii nafasi yake Swayambhu, huzaliwa nayo. Kuna hata chumba kilichofungwa, Shantipur, ambako inaaminika Shantikar bado yumo katika tafakuri, na huingia wenye daraja maalumu tu. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 17 Mfalme Pratap Malla aliingia humo wakati wa ukame kutafuta mvua, na habari hiyo ikachorwa kwenye kuta za nje.

Boudha ilisimama kwenye njia ya biashara ya kwenda Lhasa, mji mkuu wa Tibet, na tabia ya njia imebaki nayo. Vijiji vya Watamang, kabila la Kibuddha la milima ya Nepal, vilikuwa jirani zake wa karibu. Kuanzia katikati ya karne ya 19 usimamizi ulikuwa mikononi mwa ukoo wa lama (kiongozi wa dini wa Ubuddha wa Kitibeti) mwenye asili ya Uchina. Baada ya 1959 wakimbizi wa Tibet walihamia, wakajenga monasteri nyingi pembezoni, na mtaa ukabadilika sura. Kila aliyefika aliweza kuingia katika wajibu kwa kutenda: kutoa fedha za chokaa, kuwasha taa, kuzunguka. Tetemeko la Aprili 2015 lilipovunja mnara wa juu, ukarabati uligharamiwa zaidi na michango ya waumini na vyama vya Kibuddha, dhahabu ya zaidi ya kilo 30 ikatumika, na stupa ikafunguliwa upya Novemba 2016, wakati majengo mengi ya kale bondeni yalikuwa bado vifusi. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa watu kujiona wenye deni kwa mahali.

Ruwanweli ina watawa wanaoisimamia, lakini nyuma yao kuna taifa zima. Wanakijiji hukodi basi, hupika safarini, wazee huongoza beti za hija njiani. Viongozi wa siasa nao huja. Novemba 2019 Gotabaya Rajapaksa alikula kiapo cha urais mbele ya stupa hii. Jambo hilo lina uzito wake, kwa sababu Dutugemunu anakumbukwa kwa kumshinda Elara, mfalme wa Kitamil, na kwa Watamil wengi kumbukumbu hiyo si nyepesi. Mahavamsa yenyewe inasema Dutugemunu alimzika Elara kwa heshima na kuamuru kaburi lake liheshimiwe. Anayekwenda Anuradhapura abebe habari zote mbili.

Ibada za kila siku na za msimu

Katika stupa zote tatu mwendo ni mmoja: huzungukwa huku ikiwa mkono wako wa kulia. Muislamu aliyewahi kutufu Kaaba ataona mara moja kwamba mwelekeo umegeuka.

Boudha ina wingi wa ibada za mtu binafsi kuliko zote. Alfajiri na jioni mamia ya watu huzunguka, tasbihi ya punje 108 mkononi, wakisukuma magurudumu ya sala yaliyopangwa ukutani. Wengine husujudu kwa mwili mzima, huinuka, hupiga hatua chache, husujudu tena. Wengine hufukiza mreteni. Mwenye nadhiri hulipia kuba lipakwe chokaa, kisha wafanyakazi hupanda na kurusha maji ya zafarani kwa ustadi hadi yanaacha alama za petali za manjano. Taa za samli huwashwa kwa ajili ya mgonjwa, msafiri, na zaidi kwa ajili ya marehemu. Katika mwezi mtakatifu wa Watibeti, karibu Mei au Juni, inaaminika thawabu ya kila tendo huzidishwa mara nyingi, basi msongamano huwa mkubwa na wenye kutoa sadaka kwa ombaomba ni wengi.

Watamang wana usiku wao. Mwezi mpevu wa Chaitra, Machi au Aprili, hufika kwa wingi kutoka Timal na vijiji vingine kuwasha taa Boudha kwa ajili ya jamaa waliofariki. Kuna machozi, na kuna nyimbo vilevile; vijana huimbiana na wachumba hupatikana. Kesho yake huenda kuoga Balaju na kupanda Swayambhu. Stupa mbili, katika safari moja ya kuwaaga wafu. Nimeitaja sherehe hii kwa urefu kwa sababu inavunja dhana kwamba Boudha ni ya Watibeti na Swayambhu ni ya Wanewari basi.

Swayambhu ina uzito zaidi katika kalenda ya jamii. Mwezi wa Gunla, wakati wa mvua za Julai hadi Septemba, vikundi vya mitaa ya Kinewari hupanda kilima alfajiri kwa ngoma na matoazi, kila mtaa na wake, vijana wakijifunza midundo kwa wazee. Nyumbani watu hufinyanga stupa ndogo za udongo. Sikukuu ya Sri Panchami, Januari au Februari, wazazi huwapeleka watoto kwenye madhabahu ya Manjushri waandike herufi zao za kwanza. Wahindu huja palepale wakimwomba Saraswati, mungu wao wa elimu. Na kila baada ya miaka 12 sanamu za Dipankara, Buddha wa zama za kale, hutolewa katika nyua za mji na kukusanywa chini ya kilima kwa sherehe ya sadaka kubwa, Samyak.

Ruwanweli ina utulivu wa aina nyingine. Waumini huvaa nyeupe, huvua viatu na kofia, hubeba maua ya yungiyungi au ya msanapiti. Wakiyaweka husoma maneno ya Kipali, lugha ya maandiko yao, yasemayo kwamba kama ua hili linavyonyauka, ndivyo na mwili wangu unavyokwenda kuharibika. Siku za mwezi mpevu, ambazo Sri Lanka ni sikukuu za taifa na pombe haiuzwi, wengi hushika maagizo manane: kutokula baada ya adhuhuri, kujiepusha na anasa, kukaa kutwa katika tafakuri. Kilele ni Poson ya Juni, ukumbusho wa kufika kwa Mahinda aliyeleta Ubuddha kisiwani. Mahujaji ni wa kuhesabiwa kwa malaki, na wenyeji huweka mabanda ya kugawa chakula na vinywaji bure kwa yeyote, bila kuulizwa dini yako. Kuna pia sadaka ya kulizungusha kuba zima kitambaa kirefu, ambacho hubebwa na msururu wa watu vichwani.

Miungu wengine na imani za hapo

Ukiwa na hamu ya kigezo hiki, Swayambhu ndiyo darasa. Hatua chache kutoka stupani lipo hekalu la Hariti, ambaye Wanewari humwita Ajima, bibi. Inasimuliwa kwamba alikuwa jini mla watoto. Buddha akamficha mwanawe kipenzi hadi akaonja uchungu wa mama wengine, akatubu, akawa mlinzi wa watoto. Ndui ilipokuwa ikiua, watu walimkimbilia yeye. Ndui imetoweka duniani, lakini foleni haijakatika: wazazi huja na mayai, nyama, wali na pombe ya kienyeji, kisha familia hukaa na kula pamoja. Nyama na pombe, mita chache kutoka kwenye stupa ya Buddha aliyefundisha kutodhuru kiumbe! Wenyeji hawaoni mgongano wowote. Stupa ni ya njia ndefu ya wokovu, Ajima ni wa homa ya mtoto usiku huu, na wote wawili wanahitajika. Wahindu na Wabuddha hupanga foleni moja.

Boudha nayo ina madhabahu ya Ajima mlangoni, ila sauti yake imefunikwa na wingi wa monasteri. Anuradhapura, mahitaji ya dunia hupelekwa zaidi kwenye mti mtakatifu wa Sri Maha Bodhi ulio jirani, unaoaminika ulitokana na tawi lililoletwa na Sanghamitta, binti wa Mfalme Ashoka wa India, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Wakulima huleta hapo mchele wa kwanza wa mavuno. Wagonjwa na wanaotafuta mtoto humwagia maji mizizi na kuweka nadhiri. Kuba jeupe hubaki kwa ajili ya Buddha peke yake.

Nafasi ya mgeni

Boudha ndiyo rahisi zaidi. Ni tambarare, mzee au mwenye mguu mbovu anaweza kuizunguka, na hakuna atakayekushangaa ukijiunga na mwendo, mradi usiende kinyume. Kasoro yake ni maduka na migahawa ya watalii iliyoizunguka. Ukifika adhuhuri waweza kudhani umefika sokoni. Nenda kabla jua halijachomoza au baada ya kuzama.

Swayambhu inataka magoti: ngazi za mashariki zinasemwa kuwa 365 na zinasimama wima. Wasioweza hupita njia ya gari upande wa nyuma. Nyani watakunyang'anya chakula. Na kwa kuwa ibada nyingi ni za ukoo, utaona mengi bila kuelewa. Tafuta Mnewari akueleze, na usipige picha kwa Ajima bila ruhusa.

Ruwanweli ina adabu kali zaidi. Funika mabega na magoti, vaa nyeupe ukiweza, jihadhari na mawe yanayochoma nyayo saa sita mchana, usipige picha ukiipa sanamu ya Buddha mgongo. Mchoro wa Buddha ngozini umewahi kusababisha watalii kufukuzwa nchini. Anuradhapura iko kilomita 200 hivi kutoka Colombo, basi panga kulala huko.

Kwa hali yako

Kama una siku moja Kathmandu na hujawahi kuona ibada ya Kibuddha, nenda Boudha jioni. Utaelewa kwa miguu yako mwenyewe kabla ya kuelezwa. Vivyo hivyo kama umefiwa na unataka mahali pa kukaa kimya kati ya watu wanaowakumbuka wao. Taa huwashiwa mtu wa dini yoyote.

Kama swali lako ni namna dini kubwa inavyoishi na imani za kale bila kuzifuta, jambo linalowagusa sana wanafunzi wetu wanaosoma matambiko ya Afrika Mashariki, chagua Swayambhu na upange kukaa muda mrefu, ikiwezekana wakati wa Gunla. Ukipata siku mbili tu, bado nenda: keti karibu na hekalu la Ajima asubuhi, hasa Jumamosi, ambayo ni siku ya mapumziko Nepal.

Kama unapenda historia, au unataka kujua dini na dola zinavyobebana, Ruwanweli haina mpinzani kati ya hizi tatu. Inamfaa pia anayevutwa na ukimya na mafundisho kuliko rangi na sauti. Ukitaka umati, lenga Poson. Ukitaka utulivu, epuka mwezi mpevu. Mwenye nafasi ya kusafiri Machi au Aprili, na moyo wa kukesha, aulize tarehe ya mwezi mpevu wa Chaitra, awafuate Watamang kutoka Boudha hadi Swayambhu.

Na kama nauli haijapatikana, aliye Dar es Salaam anaweza kuanzia Upanga, kwenye hekalu lililojengwa na wahamiaji wa Kisinhala mwanzoni mwa karne ya 20, lenye mti wa bodhi uani. Ibada zake ni za mapokeo yaleyale ya Anuradhapura. Piga hodi kwa adabu, vua viatu, na uulize siku ya mwezi mpevu ijayo.